Wasomaji Wauliza: Sheria Inaporuhusu Jambo, Inakuwa Imesema Nini?

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni mjane mwenye umri wa miaka 63 na ninaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Mwaka jana jirani yangu alifunga mashine ya kusaga mahindi na makopa katika banda linalopakana na ukuta wa chumba changu cha kulala. Mashine huanza kunguruma mapema asubuhi, na siku za wateja wengi huzimwa saa nne usiku. Vyombo vinatikisika kabatini, na nguo nikizianika hujaa vumbi jeupe la muhogo. Nilipokwenda kumweleza kwa upole, alinionyesha leseni yake ya biashara aliyoitundika ukutani ndani ya fremu ya kioo, akaniambia: "Mama, sheria imeruhusu, sasa nani atakataza?" Nilirudi nyumbani nimenyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Nimesikia pia watu wakisema kwamba kila kisichokatazwa na sheria kimeruhusiwa. Je, sheria ikisharuhusu jambo, anayeumizwa na jambo hilo hana la kusema?
Mama wa Mwanga, Kigoma

JIBU: Shikamoo, mama, na pole kwa adha hiyo. Jirani yako hakusema uongo, ila amesema sehemu ya ukweli kana kwamba ndio ukweli wote, na ndiyo maana ulirudi nyumbani bila jibu. Maneno "sheria imeruhusu" hubeba maana zisizopungua tatu. Mtu hushika karatasi inayothibitisha mojawapo, kisha akadai faida za nyingine, na anayemsikiliza hushikwa na kigugumizi kwa kuwa anahisi pana kasoro lakini haoni ilipo.

Maana ya kwanza ni ukimya wa sheria. Hakuna sheria ya Tanzania inayotamka kwamba mama wa Mwanga anaruhusiwa kukaa barazani jioni akichambua dagaa, na hata hivyo hakuna polisi atakayekukamata kwa kuchambua dagaa. Umeruhusiwa kwa sababu hujakatazwa. Msingi huu umelindwa na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(c), inayopiga marufuku mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo alipolitenda halikuwa kosa chini ya sheria. Kwa hiyo msemo uliousikia ni wa kweli kwa mwananchi, na ni kinga kubwa, maana bila msingi huo tungelazimika kuomba ruhusa kwa kila hatua tunayopiga. Lakini tazama kinga hiyo inaishia wapi. Inasema kwamba dola haitakuadhibu. Haisemi kwamba watu wengine wanalazimika kukupisha.

Wavuvi wa Kibirizi wanalielewa jambo hili vizuri kuliko sisi wengi tuliolisoma vitabuni. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, vyombo viwili hutoka na taa zao vikiwania kundi moja la dagaa. Wenye vyombo vyote viwili wameruhusiwa kuvua pale. Atakayewahi atavua, na aliyechelewa atarudi ufukweni na ndoo tupu. Atakuwa amepata hasara, lakini hajadhulumiwa, kwa sababu ruhusa aliyokuwa nayo haikumfunga mwenzake asimtangulie. Ila mwenzake akimkatia wavu, hapo amedhulumiwa, kwa kuwa wavu ni mali yake, na umiliki wa mali ni haki inayomfunga kila mtu mwingine aiheshimu. Mwanasheria wa Marekani, Wesley Newcomb Hohfeld, alieleza katika makala yake ya mwaka 1913 kwamba mahakimu na mawakili walikuwa wakiyaita mambo haya mawili kwa jina moja la haki, hali ya kuwa uhuru wa kutenda hauzai wajibu kwa mwingine, na haki kamili huuzaa. Hiyo haki kamili ndiyo maana ya pili ya kuruhusiwa, na ndiyo ambayo jirani yako anaidai bila kuwa nayo.

Karatasi yake iko katika maana ya tatu, ambayo ni ya leseni. Leseni huja pale ambapo sheria imekwisha kukataza jambo kwa watu wote, kisha ikaacha nafasi kwa atakayetimiza masharti. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 inamkataza mtu kufanya biashara inayohitaji leseni bila kuwa nayo. Anayeipata huondolewa katazo hilo, na hilo peke yake. Ile karatasi iliyo ndani ya kioo inajibu swali moja tu, la iwapo mtu huyu amekubaliwa kufanya biashara hii kwa kipindi hiki. Haikuulizwa, na kwa hiyo haijibu, kama kiwanja chake ni cha makazi na kama ameomba kubadilisha matumizi yake, jambo ambalo lina utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Haikuulizwa kama mngurumo unaotikisa kabati lako unavuka viwango vya kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambazo zimeweka viwango vya mchana mbali na vya usiku. Haikuulizwa kama anasababisha kero ya umma, ambayo Kanuni ya Adhabu inaihesabu kuwa kosa la jinai. Mkubwa aliyetia saini leseni ile hakuwa na uwezo wa kumwondolea jirani yako makatazo ya sheria ambazo si zake kuzisimamia.

Mfano wa karibu uko ufukweni mwetu. Kifungu cha 57 cha hiyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mtu anaweza kuwa na leseni halali ya mgahawa na namba ya mlipakodi, akajenga mita 20 kutoka majini, kisha akakuta alama nyekundu imepigwa ukutani. Atalia kwamba serikali imempa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono mwingine. Namhurumia kwa hasara yake, lakini leseni haikumdanganya, kwa sababu leseni ile ilihusu kupika na kuuza chakula. Kuhusu ukuta haikuwa imesema neno.

Hapa naomba niseme jambo kuhusu lugha, kwa kuwa naamini sehemu ya tatizo iko kinywani mwetu. Kiswahili kilikwisha kutupa maneno ya kuyatenganisha mambo haya. Tunayo ruhusa, idhini, kibali, leseni, haki, na halali, na kila moja lina mahali pake. Lakini tukifika kwenye kitendo tunayamwaga yote katika chungu kimoja cha "kuruhusiwa". Wazee wa Ujiji waliosoma fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wanajua kwamba matendo hayagawanyiki katika halali na haramu pekee, maana kuna wajibu, sunna, mubaha (lisilo na thawabu wala dhambi), makuruhu (lisilopendeza ingawa halijaharamishwa), kisha haramu. Sheria ya nchi haina fungu la makuruhu. Jambo ambalo jirani mwema angeliacha kwa kuona haya, sheria huliweka katika kapu moja na kunywa maji, kwa sababu yenyewe huuliza tu kama limekatazwa. Watu wa umri wako wanakumbuka pia jinsi Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, alivyopewa jina la Mzee Ruksa baada ya kulegeza masharti ya biashara. Ruksa ile ilifungua maduka yaliyokuwa hayana sabuni wala nguo. Haikumlazimisha mtu kununua, na haikumpa mwenye duka mamlaka ya kuziba njia ya mwenzake.

Sasa nirudi kwenye ukuta wako. Ibara ya 30(1) ya Katiba inasema kwamba haki na uhuru wa mtu havitatumiwa kwa namna inayoingilia haki na uhuru wa watu wengine au maslahi ya umma. Nawe unayo haki iliyoandikwa wazi: kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu anayeona haki hiyo inavunjwa kufungua shauri. Kwa hiyo unalo la kusema, mama, na sheria yenyewe ndiyo iliyokupa nafasi ya kulisema.

Hata hivyo nisingependa uanzie mahakamani. Mtaa unahitaji unga, jirani yako ana watoto wa kulisha, na si kila usumbufu ni kero mbele ya sheria. Mahakama inapopima malalamiko ya namna hii huangalia ukali wa usumbufu, muda wake, na hali ya mahali penyewe; mngurumo wa saa tano asubuhi karibu na soko huenda ukaambiwa uuvumilie, lakini mngurumo wa saa nne usiku nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala ni jambo jingine kabisa. Chukua daftari, uandike kwa muda wa wiki mbili saa mashine inapowashwa na saa inapozimwa. Mwombe balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa aje akae chumbani kwako usiku mmoja mashine ikiwa inasaga, aweke kiganja chake ukutani. Kisha nendeni pamoja kwa afisa mazingira wa manispaa, na huko uliza mambo mawili: kiwanja kile kimesajiliwa kwa matumizi gani, na kama mashine imewahi kupimwa kelele. Mara nyingi migogoro ya aina hii humalizika kwa kupanga saa za kusaga, kuhamisha injini upande wa pili wa banda, na kufunga vizuri mlango wa kutokea vumbi, na mwenye mashine hubaki na leseni yake na biashara yake.

SWALI: Mwandishi, salaam. Mimi ni mvuvi wa Katonga, nina chombo kimoja na vijana sita wanaonitegemea. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, leseni yangu ya uvuvi ilikuwa bado haijaisha muda. Nilikuwa nimelipia mwaka mzima, lakini kwa miezi mitatu nilikaa nyumbani. Je, serikali inaweza kuniruhusu na kunikataza kwa wakati mmoja? Na kama inaweza, ruhusa hiyo ina thamani gani?
Mvuvi, Katonga

JIBU: Ndugu yangu, ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Nakumbuka mitumbwi ilivyopandishwa mchangani na kupinduliwa, na jinsi bei ya dagaa ilivyopanda mjini, kwa hiyo siandiki kama mtu aliyeyasikia haya kwa mbali.

Leseni yako iliruhusu uvuvi kwa masharti ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na miongoni mwa mambo ambayo sheria hiyo inayapa mamlaka husika ni kuweka hatua za kulinda samaki, pamoja na majira ya kufunga uvuvi. Uwezekano wa kufungwa ulikuwamo ndani ya leseni tangu siku uliyoilipia, ingawa pengine hakuna aliyekusomea. Ni sawa na mtu aliyekodishwa shamba kwa sharti kwamba mto ukifurika atasubiri maji yapungue. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, na wala hapakuwa na mgongano, kwa sababu anayepewa leseni hapewi ahadi kwamba hali haitabadilika. Anapewa nafasi ya kuvua maadamu uvuvi uko wazi, kwa zana zinazokubalika. Ndiyo maana leseni hiyo hiyo haijawahi kumruhusu mtu kuvuta kokoro, ule wavu uliopigwa marufuku.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nisiijibu barua hii kwa haraka. Ruhusa inayoweza kusimamishwa ina thamani, lakini thamani yake imo katika namna inavyosimamishwa. Afisa mmoja hawezi kuamka asubuhi na kukuambia kwamba leo wewe huvui, kwa sababu tu hakupendi au kwa sababu jana hukumpelekea kitoweo. Ni lazima awe na mamlaka aliyopewa na sheria, ayatumie kwa sababu ambayo sheria inaitambua, na tangazo liwahusu wote walio katika hali moja. Pasipokuwa na hayo, mvuvi mwenye leseni anaweza kuomba Mahakama Kuu ifanye mapitio ya uamuzi huo. Mvuvi asiye na leseni hana pa kusimama kwa ombi kama hilo. Hiyo ndiyo tofauti uliyoinunua kwa ada yako, nami siioni kuwa ndogo, ingawa najua haikupika ugali katika miezi ile mitatu.

SWALI: Mimi ni mwalimu katika wilaya ya Urambo, mkoani Tabora. Mzazi mmoja anataka kumwoza binti yake mwenye miaka 16 aliyemaliza kidato cha nne na anayesubiri matokeo. Nilipomsihi asubiri, alinijibu kwamba Sheria ya Ndoa imeruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, na kwamba mimi ndiye ninayepinga sheria. Je, mzazi huyu anatii sheria?
Mwalimu, Urambo

JIBU: Mwalimu, nakushukuru kwa kuwa umesimama upande wa mtoto huyo. Mzazi ametaja kitu ambacho kimo kweli katika maandishi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kiliweka umri wa chini wa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Lakini katika hoja yake kuna makosa matatu, na kila moja linatosha kuiangusha.

La kwanza ni kuifanya ruhusa kuwa amri, au walau kuwa ushauri. Kuweka umri wa chini ni kuchora mpaka. Anayesema "usivuke chini ya hapa" hajasema "njooni wote mjipange hapa". Wewe unaishi Urambo, penye tumbaku. Sheria inaruhusu kuilima na kuiuza, na hapo hapo Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 imewekwa kwa sababu bidhaa hizo zinadhuru afya. Hakuna mkulima wa Urambo atakayekuambia kwamba serikali, kwa kuruhusu tumbaku, inawataka wanafunzi wako wavute. Ukimsihi mzazi asubiri hupingi sheria yoyote, kwa kuwa hakuna sheria iliyomtaka aharakishe.

La pili ni zito zaidi: mzazi amejitwalia ruhusa ambayo hata katika maandishi yale haikuwa yake. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo hiyo kinataka kila mmoja wa wanaooana aridhie kwa hiari yake. Ridhaa ya baba kwa binti aliye chini ya miaka 18 iliwekwa na kifungu cha 17 iwe sharti la ziada juu ya hiari ya binti, haikuwekwa ichukue nafasi yake. Kila mtu anapokuambia kwamba sheria imeruhusu, muulize imemruhusu nani. Barua yako ndefu, ambayo hapa tumeifupisha, imenieleza baba anataka nini, posa imetoka wapi, na wajomba wamesema nini. Sikuona mstari hata mmoja unaoeleza binti mwenyewe anataka nini. Nadhani hukuuandika kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

La tatu ni kusahau kwamba sheria nazo zina sheria juu yake. Ibara ya 64(5) ya Katiba inasema kwamba sheria nyingine yoyote ikikiuka masharti ya Katiba, Katiba ndiyo itakayokuwa na nguvu, na sheria hiyo itakuwa batili kwa kadiri inavyokiuka. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alilipeleka jambo hili Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba kwa kumtenga mtoto wa kike, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, kwa kutumia nafasi ambayo ibara ya 30(5) inaitoa. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo hakuna mahakama juu yake nchini, iliitupilia mbali rufaa hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaja mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo mzazi anaposema "sheria imeruhusu" anaegemea maneno ambayo mahakama ya juu kabisa nchini imekwisha kusema kuwa hayaendani na Katiba. Na binti huyo akichaguliwa kuendelea na kidato cha tano, baba atambue kwamba marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yamefanya kuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30, na anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo naye ametenda kosa lenye adhabu yake.

Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla mahari haijapokelewa, maana mahari ikishaliwa kila mmoja huona aibu kurudi nyuma. Ukiweza, nenda na shangazi au bibi wa binti ambaye moyo wake uko pamoja nawe; mzazi wa namna hii huenda akamsikiliza mtu wa damu yake kuliko mwalimu.

SWALI: Kaka Mwandishi, shikamoo. Mimi ni kijana ninayenunua makopa vijijini wilayani Kasulu na kuyauza Kigoma mjini. Mwezi uliopita nilisimamishwa kwenye kizuizi nikiwa na magunia matatu. Aliyekuwa pale alidai ushuru. Nilipouliza unatozwa kwa sheria gani, alicheka na kusema: "Nionyeshe wewe sheria inayonikataza." Nililipa, nikapewa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu. Je, si kweli kwamba kisichokatazwa kimeruhusiwa?
Kijana wa Kasulu

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimemwambia mama wa Mwanga kwamba msemo huo ni kinga ya mwananchi. Mtu uliyekutana naye kizuizini ameiba kinga yako akajifunika nayo. Kwa anayeshika mamlaka ya umma msemo hugeuzwa: kila ambacho sheria haijamruhusu kinakuwa kimekatazwa kwake. Wewe unao uhuru wako kwa kuwa wewe ni mtu. Yeye hana uwezo wowote juu ya magunia yako ila ule aliokopeshwa na sheria, na anayedai kukopeshwa ndiye anayepaswa kuonyesha hati.

Jambo hili ni la kale. Mwaka 1762 wajumbe wa serikali ya Uingereza waliingia nyumbani kwa mwandishi John Entick, wakapekua kwa saa kadhaa na kuchukua karatasi zake, wakiwa na hati ya waziri mmoja. Aliwashitaki, na katika hukumu ya mwaka 1765 Jaji Mkuu Camden alisema kwamba kama mamlaka hayo ni sheria, yatapatikana vitabuni. Yasipopatikana humo, basi si sheria. Ukimya ulimtosha Entick na haukuwatosha wale wajumbe. Sheria yetu ilipokea misingi ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Katiba yetu imekwenda mbali zaidi kwa upande wa tozo: ibara ya 138(1) inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria na kutiliwa nguvu na sheria iliyotungwa na Bunge.

Halmashauri zinaweza kutoza ushuru wa mazao, na sitaki udhani kwamba kila kizuizi ni wizi, kwa kuwa fedha hizo hujenga zahanati na madarasa. Lakini huo ushuru una kiwango, una sheria ndogo iliyotangazwa, na una stakabadhi ya mashine. Zaidi ya hayo, katika bajeti ya mwaka 2017/18 serikali ilifuta ushuru kwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Magunia matatu ya makopa hayafiki hata nusu ya tani.

Usikitupe kile kipande cha karatasi. Andika nyuma yake tarehe, saa, jina la mahali penye kizuizi, uzito wa mzigo na kiasi ulicholipa, kisha kipige picha. Peleka nakala na barua fupi kwa mkurugenzi wa halmashauri, ukiuliza mambo matatu tu: fedha hiyo ilitozwa kwa sheria ndogo ipi, ilitangazwa katika Gazeti la Serikali kwa namba gani, na stakabadhi yako iko wapi. Mwombe anayepokea barua akugongee muhuri kwenye nakala utakayobaki nayo. Wiki tatu zikipita bila jibu, ofisi ya wilaya ya TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, itaipokea nakala hiyo hiyo.